Mama Onja-Kwanza

Mapadri wetu, majirani wa Mikelenge, na ninyi mliovuka mto kutoka Alunguli, kwa niaba ya familia mimi Joël, mjukuu wake, nimepewa kusoma maisha ya bibi yetu Joséphine Feza, na ninaomba mnivumilie hadi mwisho, kwa sababu aliacha neno linalowahusu ninyi mlioketi hapa.

Marehemu alizaliwa Pangi tarehe 12 Machi 1938, akasoma kwa masista mpaka darasa la sita, akajifunza kushona na kupika, na mapishi aliyapenda kuliko yote, hata sista wa jikoni alikuwa akimwachia funguo za ghala.

Mwaka 1956 alikuja padri mgeni na mashine ya kupiga sinema, akachagua vijana saba, wakacheza sinema iliyoitwa Chungu cha Mke Mkubwa, ambamo Feza alikuwa mke mwenye wivu anayemtilia mumewe sumu kwenye sombe la majani ya mihogo, na mume, aliyechezwa na Léon Bushiri, anakula, anashika tumbo, anaanguka. Jamani, Léon alianguka vizuri mno. Sinema ikatembezwa kwa kamio, yaani lori, ikaonyeshwa kwenye shuka jeupe hapa Kindu, Tunda, hadi Punia, watu wakalia, wakalaani, na tangu hapo msichana aliyekuwa akifumba macho hata akichinja kuku akawa muuaji. Léon mwenyewe alikuwa akipita sokoni mzima kabisa, ananunua samaki, na watu wakasema mapadri walimpa dawa, akafufuka!

Tarehe 4 Julai 1959 alifunga ndoa na babu yetu Fadhili, mfanyakazi wa reli, na siku ileile ya harusi mama mkwe akamsogezea sahani mbele ya wageni, akamwambia, "Onja kwanza weye, tuone." Akaonja, asijue kwamba amefunga ndoa mbili kwa siku moja, moja na mumewe, nyingine na kijiko. Babu alikula chakula chake bila kuuliza mpaka kifo chake mwaka 1995, lakini wageni hawakugusa kitu kabla bibi hajameza, na watoto wao, Elodie aliyezaliwa 1961 na Didier wa 1964, shuleni mihogo yao ilikataliwa. Jina la Feza likapotea, akaitwa Mama Onja-Kwanza, kwa utani, mlisema, utani tu, lakini ulimuumiza, na leo tunawaambia wazi kwamba ulimuumiza. Mwaka 1973 walihamia Punia ili apumue, wakakuta sinema imewatangulia, wakarudi.

Mwaka 2002 vita viliuzunguka mji huu, treni imesimama, aliyetoka kwenda shambani hakurudi, tukafungiwa sote kama kuku ndani ya tenga. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na mihogo michache, akatwanga sombe, akawa anapika chungu kimoja kwa siku kwa ajili ya majirani, nao, kwa njaa ile, macho yamewatoka, bado walisubiri aonje. Siku moja ya Agosti alikataa. Alitua chungu, akakaa kwenye kigoda, akakunja mikono, akasema, "Leo sionji. Mwenye njaa ale." Watoto walikuwa wakilia, wakubwa wanatazamana, hakuna aliyenyoosha mkono, aibu iliyoje, mpaka akaingia Mzee Léon, yule aliyeuawa na sombe hilo mbele ya Maniema nzima, akachota, akala, akasema, "Iko tamu. Hata ile ya sinema ilikuwa tamu." Ndipo chungu kikaisha, na bibi akaenda nyuma ya nyumba kulia.

Alidhani amefunguliwa. Vita vikaisha, treni ikarudi, chakula kikajaa sokoni, na mgeni wa kwanza wa wakati wa amani akashika sahani huku anacheka, mama, onja kwanza. Mwaka 2023 vijana wakakipata kile kipande cha sinema chenye sumu kwenye simu, kikazunguka mji mzima, watoto wadogo wakaanza kumkimbia upya. Mtangazaji mmoja, Hamidou, alikuja kumhoji kwa kuwa yeye na Mzee Léon tu ndio waliobaki wa sinema ile, akaandaliwa wali, naye pia akasubiri.

Mnamo Oktoba 2024 koo lilianza kumsumbua, mwishowe hata uji haukupita, na Jumanne tarehe 11 Februari 2025 akafariki nyumbani kwake, Elodie akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wenzake babu wa reli, na jirani yetu Zuberi, ambaye jamaa zake wa msikitini wamebeba maji tangu alfajiri.

Sasa neno lake. Mchele uliopikwa kwenye sufuria zile chini ya turubai ni wa shamba lake, aliutwanga mwenyewe kabla hajaugua, akasema uwe wa siku hii, akakataza mtu yeyote kuwaonjea, hata Mzee Léon, aliyebaki peke yake wa sinema ile, tumemwomba akae asitangulie. Sahani ziko tayari, na sisi wa familia tutasimama pembeni kuwatazama.

Pumzika kwa amani, Mama Feza. Leo usionje.