Jaribio la Pili la Révérien

Kijiwe chetu cha Majengo kilikuwa benchi moja la mninga, mguu mmoja umeungwa kwa bati, kando ya mashine ya kusaga ya mzee Manyanda. Mwaka ule wa 1997 ukikaa pale ulikunywa kahawa pamoja na vumbi la sembe. Birika na vikombe vilikuwa vya Lusia. Upande wa kivuli alikaa Silvesta, dereva wa lori mstaafu, tuliyemwita Gavana. Kwenye injini gavana ni kile kifaa kinachozuia mwendo usizidi. Yeye tulimpa jina hilo kwa sababu mdomo wake haukuwa nacho. Pembeni yake alikuwa Obadia, tuliyemwita Redio, maana kila alichosikia kwenye redio yake ya mkulima kilikuwa sababu ya kila jambo duniani. Mimi ni fundi cherehani, wananiita Futi. Kuanzia saa kumi jioni tulibishana hadi birika likauke, na sikumbuki hata siku moja tuliyokubali kwamba kuna kitu hatukijui.

Asiyebishana alikuwa Révérien, mwendesha mashine. Alivuka kutoka Burundi na wazazi wake mwaka 1972, akiwa na miaka minane, akakulia makazi ya wakimbizi ya Katumba na kujifunzia injini kwenye malori yaliyoleta chakula kule. Alikuwa mkimya, lakini masikio yake yalitushangaza. Tukiwa katikati ya soga, alikuwa akiweka kikombe chini, anaingia kwenye mashine, na baada ya dakika mbili anarudi akifuta mikono. Sisi tulikuwa hatujasikia chochote.

Tulijua kwamba miaka miwili nyuma alikwenda Sumbawanga kufanya jaribio la ufundi wa injini za dizeli, akashindwa. Hakusema kwa nini, na sisi, kwa mara moja maishani, hatukuuliza. Mwezi wa tisa mwaka ule ndipo mradi wa maji ulipotangaza kwamba unatafuta fundi wa pampu, mwenye cheti. Mkewe Séverine alimwambia aende tena. Jioni hiyo akakaa kwenye benchi letu akatueleza.

Waliweka mbele yake injini isiyowaka. Akaizungusha mara moja, akasikiliza, akakaza nati moja ya bomba la dizeli, ikawaka. Hazikufika dakika nne. Msimamizi akamuuliza amejuaje. Akajibu kwamba amesikia. Akaulizwa ni ubovu gani mwingine ungeweza kuleta hali ile, akajibu hakuna, kwa sababu ubovu ni huo.

— Kutengeneza nilipata alama zote, alisema. Kutambua ubovu nikapata sifuri.

Gavana alimwangalia kama mtu aliyeletewa kazi aliyoisubiri tangu astaafu.

— Ndugu yangu, wewe unachokosa ni maneno tu. Na maneno hapa tunayo, hata ukitaka ya kupakia kwenye lori.

Mpango ukawa hivi. Kila siku, wateja wakiisha, mmoja wetu aingie kwenye chumba cha mashine na kuweka ubovu. Révérien aje, lakini asiguse kitu mpaka atuambie anaona nini, kitu hicho kinaweza kuletwa na nini na nini, na atawezaje kuondoa kimoja kimoja mpaka kibaki kimoja. Sisi kazi yetu ni kumpinga. Mzee Manyanda alikataa kwanza, halafu akakubali kwa sharti kwamba hakuna kuvunja wala kumwaga, na kabla ya saa kumi na mbili kila kitu kirudi mahali pake.

Gavana alianza. Alilegeza nati ya bomba la dizeli ili hewa iingie, ubovu uleule wa Sumbawanga. Révérien alinyoosha mkono moja kwa moja kwenye nati. Gavana akampiga kofi vidoleni. Akaanza upya, kwa shida, maneno yakitoka moja moja na Kirundi ndani yake. Alisema injini inawaka kisha inazima, kwa hiyo dizeli inafika lakini haidumu. Redio akamwambia hapana, redio zimeshatangaza mvua ya El Nino, hewa imebadilika, injini haiwezi kuvuta hewa ngeni. Révérien akacheka, kisha akaona kwamba tunasubiri jibu. Akafikiri.

— Kama ni hewa, alisema, basi na injini ya jirani ingezima. Isikilizeni.

Tukasikiliza. Mashine ya jirani ilikuwa inasaga vizuri kabisa.

Tuliendelea hivyo wiki mbili. Kadiri alivyozidi kujibu, ndivyo na sisi tulivyozidi kupandisha ubishi. Gavana alidai kwamba injini iliyozoea hewa nzito ya pwani ikiletwa bara huanza kukohoa. Mimi mwenyewe, sijui ilitoka wapi, nilidai kwamba mkanda ukishonwa kwa uzi wa nailoni unapeleka umeme kwenye pistoni. Révérien alitujibu sote kwa mpangilio, bila kudharau, na mwisho wa wiki ya pili alikuwa anajua kusema "kwanza" na "kwa hiyo" na "hilo haliwezekani kwa sababu."

Aliyemweza alikuwa Lusia. Siku ya zamu yake mashine iliwaka vizuri, ikaenda dakika kumi, ikazima. Ikaachwa kidogo, ikawaka tena, ikazima tena. Révérien alikagua mabomba, akafungua chujio, akakuta safi. Alikaa chini akaegemea ukuta, na mara hii hakujua. Sisi hatukumpinga, kwa sababu hata sisi hatukujua. Mwishowe alisema dizeli inatoka kwenye tangi mpaka kitu fulani kinaizuia isitoke, na kitu hicho hakiko kwenye bomba. Akafungua mfuniko wa tangi. Ukasikika mvuto wa hewa, pffu. Lusia alikuwa ameziba kitundu cha hewa kwa nta ya mshumaa.

Tulimuuliza amejifunzia wapi. Akasema birika lake likiziba kitundu cha mfuniko, kahawa haimiminiki. Sasa tangi nalo si birika tu?

Safari ya Sumbawanga ilikuwa Jumatano asubuhi, kwa lori la mahindi linalopita Sitalike. Jumanne jioni ikawa zamu ya Redio, zamu ya mwisho. Alisokomeza kipande cha gunia kwenye njia ya hewa, moshi mweusi ukatanda. Révérien alieleza yote akiwa amesimama, kama anasoma, akatoa gunia, moshi ukaisha. Tukapiga makofi. Yeye hakutuangalia. Aliangalia bomba la moshi, ambalo sasa lilikuwa linatoa kitu cheupe kidogo. Akazima injini, akasubiri, akachomoa kijiti cha kupimia oili. Oili ilikuwa imepanda juu ya alama, na rangi yake ilikuwa ya chai ya maziwa.

— Nani ameweka maji kwenye oili?

Hakuna aliyeweka. Gavana aliapa, mimi nikaapa. Redio akajaribu kusema ni unyevu wa El Nino, lakini hata yeye hakuliamini. Gavana alidai dizeli ya kituoni ina maji. Révérien akachota dizeli kidogo kutoka chini ya tangi kwa glasi ya Lusia, akaiinua kwenye mwanga. Ilikuwa safi. Akaiwasha tena injini, akatuita kwenye pipa la maji ya kupoozea injini. Mapovu madogo yalikuwa yanapanda, moja baada ya jingine, kwa kufuata mlio wa injini.

Manyanda alipoitwa, magunia ya wateja wa kesho yalikuwa yamepangwa mpaka mlangoni. Aliangalia mapovu akasema mashine inasaga, hajaona ubovu. Révérien aende kwenye jaribio lake, akirudi atafungua. Wiki moja haiwezi kuua injini.

Zamani Révérien angeinua mabega na kuondoka. Hata safari hii niliona mabega yanaanza kupanda. Kisha yakashuka.

— Mzee wangu, nisikilize kidogo. Moshi wa kwenye silinda unapita kwenye maji, ndiyo haya mapovu. Injini ikizimwa, maji nayo yanapita njia hiyohiyo kuingia kwenye silinda, yanashuka kwenye oili. Oili yenye maji hailainishi. Inaweza kuwa gasketi ya hedi, ile inayotenga maji na silinda, imeungua, inaweza kuwa hedi yenyewe, ule mfuniko wa silinda, imepasuka. Sijui ni ipi. Nitajua nikifungua. Lakini kwamba maji yanaingia, hilo najua.

— Na kama umekosea?

— Nikikosea, utakuwa umekosa wateja wa wiki moja. Nikiwa sawa na wewe ukasaga, nitakaporudi krenki inayozungusha mashine itakuwa imekwisha, na hapo hatuongei gasketi tena, tunaongea injini nyingine.

Manyanda aliingiza kiganja kwenye pipa, akakiacha hapo muda mrefu, mapovu yakimgonga vidole. Sisi wanne tulikuwa tumesimama nyuma yake. Halafu akatoa mkono, akachukua hendeli ya kuwashia, akaenda kuifungia stoo. Révérien akapanda lori asubuhi yake.

Wiki ile akina mama walikwenda kusaga kwa jirani, na walipopita benchini walitueleza wazi wanachofikiri juu yetu. Manyanda hakutusalimia siku tatu. Nilishona kwa mashaka, nikijiuliza itakuwaje hedi ikifunguliwa na kisikutwe kitu.

Révérien alirudi Jumanne na vumbi la njia nzima kichwani. Hakunywa hata kahawa, alikwenda moja kwa moja kufungua hedi, na Manyanda akiwa amemsimamia. Gasketi ilikuwa imeungua kati ya tundu la maji na silinda, alama nyeusi ya ukubwa wa ukucha. Manyanda aliichukua akaizungusha mkononi.

— Basi nenda kanywe kahawa, alisema. Umechoka.

Ndipo tukapata habari za Sumbawanga. Walimpa injini ngumu kuwaka, yenye moshi mweupe. Hakuigusa, alieleza kwanza. Alieleza mpaka akafika mahali akasita, kwa sababu hakuna aliyempinga, na bila kupingwa alikuwa hajui aendeleeje. Ikabidi ajipinge mwenyewe. Akasema hapa kuna mtu atadai ni dizeli yenye maji, kisha akaonyesha kwa nini mtu huyo amekosea, akaendelea hivyo mpaka ikabaki nozeli inayonyunyiza dizeli.

— Msimamizi akaniuliza mtu gani huyo. Nikamwambia yuko Majengo.

Barua ilikuja mwezi wa kumi na mbili: amefaulu. Mwezi wa pili akaanza kazi kwenye pampu za mradi, ila jioni akiwa mjini aliendelea kukaa nasi, na sasa alikuwa anabishana.

Jioni moja alitufikia msichana wa miaka kama ishirini na mitano, mikono yake ina oili. Alisema anaitwa Emelyne, anaendesha mashine ya kikundi cha akina mama kule Katumba, na anataka kufanya jaribio mwaka huo. Alisalimia mmoja mmoja kwa heshima, akatazama benchi zima kutoka mwanzo mpaka mwisho.

— Nimeambiwa mwalimu wa fundi Révérien yuko hapa. Ni yupi?

Gavana alimwangalia Révérien. Révérien akamwangalia Redio. Redio aliniangalia mimi, na mimi sikuwa na pa kuangalia ila kwa Lusia. Lusia aliinua birika akalitikisa, zikasikika sira tu chini.

— Kahawa imekwisha, mdogo wangu, alisema. Njoo kesho saa kumi. Tutakuwa tumeharibu kitu.