Chumba cha Callum

Kwenye basi la kwenda Derby, Pauline alijifanya anatazama mvua, kumbe ametega sikio. Kiti cha mbele, mama mmoja alikuwa akimlalamikia jirani yake.

"Callum wangu amekataa chuo kikuu, dada. Anataka kiwanda kimwajiri, kimsomeshe digrii hukohuko kazini."

"Si digrii ileile? Tena analipwa."

"Ileile, ndiyo. Lakini chuoni kijana anakomaa. Anajifunza kupika, kufua, kuishi na watu."

"Kwani kwako hakuna jiko?"

Pauline alimeza kicheko.

"Hujui uchungu wa mzazi wewe. Septemba wenzake watapakiwa garini na mito na mabirika, mama zao wakilia njia nzima."

Pauline, aliyempeleka mwanawe chuoni mwaka juzi, alikumbuka machozi yale yalivyokauka kabla ya kufika barabara kuu.

"Na mimi nataka kulia kama wenzangu," mama aliendelea. "Lakini kiwanda kiko mtaa wa pili. Atalala chumbani mwake palepale nyumbani."

Basi likasimama. Mama alipoinua mfuko wake, kopo la rangi ya waridi likachungulia.

"Ya chumba chake hiyo?" jirani akauliza. "Callum anapenda waridi?"

"Haipendi hata kidogo," alisema mama akishuka. "Cherehani yangu, iliyokuwa ihamie humo, ndiyo inaipenda."