Keki ya Bi Odessa Ambayo Hakuioka Mwenyewe

Ijumaa hii, tarehe 23 Mei, Bi Odessa Purifoy anavua aproni baada ya miaka thelathini na mmoja katika jiko la Shule ya Tallow Creek. Wenzake wa jikoni wameniomba mimi, mwanafunzi, niandike wasifu huu. Wanasema mtu asiyeongea lazima awe na akiba ya maneno. Nyumbani naongea Kihispania, shuleni Kiingereza, na katika lugha zote mbili naona haya.

Bi Odessa alianza kwa kuosha sinia, akapanda hadi mpishi mkuu. Vizazi viwili vya mji huu vimekula pudini yake ya ndizi na pichi zake zilizookwa chini ya unga uliokandwa kwa siagi. Wakubwa walipoamua vitu vitamu vya shule vije tayari kwenye pakiti, hakubishana nao. Alianza tu kutuita nyumbani kwake kila Jumamosi, yeyote anayetaka, tujifunze kuoka.

"Mapishi haya ni rahisi, wanangu," hutuambia. "Yanataka mtu asiye na haraka, basi."

Keki yake ya ratili, ya siagi, sukari, unga na mayai, kila kimoja ratili moja, huingia kwenye oveni ambayo bado haijapata moto. Ikishaingia, nyumba nzima hunyata, maana kishindo kidogo tu huifanya ibonyee. Jumamosi moja Mzee Cleophus Rudd, fundi wa shule, alikuja kumtengenezea bomba, akaubamiza mlango.

"Cleophus, umeiua!"

"Mama, si nimefunga mlango tu?"

"Nami nitakufungia humo humo kwenye oveni."

Ilipokatwa, katikati ilikuwa na ule mkanda mzito wenye unyevu, ambao watu wa huku wanauita mstari wa huzuni. Bi Odessa alijikatia kipande hicho kabla ya mtu yeyote, akasema huzuni ndiyo tamu kuliko vyote. Mzee Cleophus alikula vitatu. Tangu hapo, kila akija, huomba ruhusa ya kubamiza mlango.

Kila anayestaafu shuleni kwetu huagwa kwa keki ya ratili, na kila mara ameioka Bi Odessa. Lakini anayeagwa hajiokei. Safari hii zamu ni yake, na ilipoulizwa jikoni nani ataioka, kila mtu akatazama sakafu. Mmoja akanong'ona kuhusu keki ya dukani.

"Mpelekee ya dukani uone," akasema Mzee Cleophus. "Ataifunga tena kwenye boksi lake, na wewe ndani."

Mkono ulioinuka ulikuwa wangu. Nilishangaa kuliko wote. Nilijua kwamba ikiharibika, Bi Odessa ataondoka akidhani Jumamosi zote zile hazikutufundisha kitu.

Jumatano jioni niliiweka kwenye oveni baridi. Mama alizima redio, wadogo zangu wakapelekwa uani, mimi nikavua viatu. Ikaumuka vizuri. Kisha lori la kuku likapita barabarani, vyombo vikalia kabatini, na kupitia kioo cha oveni nikaiona keki ikibonyea katikati, kidogo tu. Nilikaa chini pale pale jikoni nikalia. Mama akaniuliza kama nitaoka nyingine. Nilifikiria, nikakataa.

Kwa hiyo, Bi Odessa, ile pale mezani, chini ya kifuniko cha kioo. Hatujaikata, na hakuna ajuaye ndani kukoje. Tunaomba uikate wewe. Ukikuta mstari wa huzuni, kipande hicho ni chako, kama siku zote. Usipoukuta, utatuvumilia, huzuni yenyewe tunayo.

Asante kwa sinia, kwa pichi, kwa Jumamosi. Tunakuombea asubuhi ndefu zisizo na kengele, na afya ya kuzifaidi. Nenda salama, Bi Odessa. Mlango tutaufunga taratibu.