Verna Leavitt na Bata wa Akina Grindle

Wapendwa, mimi ni Arlene, mdogo wake marehemu, na wasifu huu nimeuandika kwa woga. Dada yangu alinionya mapema: "Arlene, usije ukasoma jambo lolote ambalo hujaliona kwenye cheti." Vyeti vyote ninavyo hapa mkobani. Mwenye ubishi tuonane baada ya chakula.

Marehemu Verna Louise Leavitt alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Farmington, Maine, akiwa mtoto wa kwanza wa Clyde na Hester Grindle. Alifuatiwa na Merle, kisha mimi. Mama alikuwa akisema kwamba Verna alianza kuuliza "na mama yake ni nani?" kabla hajajua kufunga viatu. Ukimsimulia hadithi ya binti mfalme, alitaka kujua kwanza ukoo wa farasi.

Alisoma hapa hapa mjini, akamaliza sekondari Juni 1959. Mwalimu wa historia alimpa alama za juu kabisa, pamoja na barua kwa wazazi kuomba Verna aache kumsahihisha mbele ya darasa. Mwaka huohuo aliajiriwa posta, na hapo alifanya kazi mpaka alipostaafu mwaka 2001. Barua ya mtu hakuifungua hata siku moja, ila bahasha alizisoma zote. Kama mwanao alikuwa haandiki nyumbani, Verna alikwambia mbele ya foleni.

Tarehe 6 Oktoba 1962 alifunga ndoa na Orrin Leavitt, fundi bomba. Orrin alipomposa, Verna hakusema ndiyo wala hapana. Alitaka kwanza majina ya bibi zake wa pande zote mbili, kama walivyoitwa kabla ya kuolewa. Maskini shemeji akarudi kwao kuuliza. Fungate walilimalizia makaburini Massachusetts, bibi harusi kapiga magoti anasugua mawe kwa brashi asome majina, bwana harusi yuko garini na donati zake. "Nilidhani ni mambo ya wiki moja," Orrin huniambia mpaka leo. Mungu aliwajalia binti mmoja, Joyce.

Sasa nifike kwenye lile mnalolingojea, maana naona wengine mmeshaanza kukonyezana.

Akina Grindle tulijua kwamba tumetokana na mtu mmoja, Anthony, aliyevuka kutoka Uingereza akashuka Massachusetts mwaka 1638, kijana mbichi. Nyuma ya hapo ilikuwa giza tupu. Verna alihangaika miaka na miaka, akiagiza kumbukumbu za makanisa ya Uingereza zilizopigwa kwenye filamu, anazikodolea macho kwenye mashine ya maktaba. Mwaka 1979 akampata: Anthony Grindle, aliyebatizwa katika kijiji kimoja cha Suffolk tarehe 11 Agosti 1619, mtoto wa bwana mwenye ardhi, farasi na nembo ya ukoo. Nembo yenyewe ni bata bukini aliyesimama kwa mguu mmoja.

Jamani, tulivimba! Kila Agosti ukoo mzima ukawa unakusanyika ukumbini kwa maharagwe ya kuoka na keki ya Babu Anthony, yenye bata wa sukari juu. Watoto walimwimbia. Fulana zikachapwa bata. Naye Merle, ambaye hajui kufanya jambo nusunusu, akachorwa bata kwenye mkono, kuanzia begani mpaka kiwiko, kwa sindano na wino usiotoka. Mtu akimletea dharau dukani, Merle alikunja tu mkono wa shati.

Mei 2009 Verna na Orrin walisafiri kwenda Suffolk kuliona kanisa alimobatizwa Babu. Mtunza kanisa akauliza kama mama angependa kuona na kitabu cha mazishi. Hicho Verna hakuwahi kukiagiza. Cha nini? Babu yetu alizikwa Amerika. Nani anamtafutia mtu kaburi kule alikoondoka? Akakifunua kwa adabu tu. Anthony, mtoto wa yule bwana mwenye bata, alizikwa Novemba 1622. Alikuwa na miaka mitatu.

Orrin anasema Verna alikaa kwenye benchi la kanisa, na yeye ndiye akauliza, "Sasa mke wangu, mtoto wa miaka mitatu amezaaje ukoo mzima?"

"Hakuzaa, Orrin. Nimechukua mtoto wa watu nikamfanya babu."

"Basi nyamaza. Nani atajua?"

"Mimi."

Mnajua alivyoupenda ule mkutano wa Agosti. Ndiye aliyeuanzisha, ndiye aliyekata keki, na hiyo ndiyo siku pekee ambayo ndugu waliokosana walikaa meza moja. Akisema, huenda akaupoteza ukoo alioukusanya kwa mikono yake. Agosti ile, keki ikiwa mezani na kisu kando, alisimama akasema yote.

Kisha Merle akainuka. "Kwa hiyo sisi ni akina nani?"

"Sijui, Merle. Watu tu."

"Na bata?"

"Si wetu."

"Verna, huyu bata hatoki! Nimechanjwa, sikupakwa!"

"Vaa mikono mirefu."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Merle hakucheka. Alichukua kofia yake akatoka, nusu ya ukumbi ikamfuata, na tangu siku hiyo hakumsemesha dada yake. Mwaka uliofuata tulipika sufuria moja tu ya maharagwe, na bado yakabaki. Msidanganywe na ule ulimi wake. Verna aliumia sana. Aliendelea kumtafuta Anthony wa kweli mpaka mwisho, na hakumpata.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2016, na Novemba 2018 akalazwa. Siku moja ya Desemba nilikuwa nikimnyooshea shuka, nikamwona Merle amesimama mlangoni mwa wodi, amevaa shati la mikono mirefu.

"Bado yupo?" Verna akauliza.

Merle akakunja mkono wa shati. "Yupo, ila amesinyaa. Siku hizi ni kuku aliyenyonyolewa."

"Na wewe mwenyewe je, umejitazama?"

Wakacheka mpaka nesi akaja kuchungulia. Kisha Merle akaketi ukingoni mwa kitanda akasema lililomleta. "Ungetuachia tu babu yetu, dada. Ulikuwa na haja gani ya kumuua?"

"Sikumuua mimi. Alikufa mwenyewe, maskini, kadogo vile." Verna akamshika mkono, palepale penye bata. "Sikiliza we Merle. Yule mtoto hakuacha mjukuu hata mmoja duniani. Sisi tumemkatia keki miaka thelathini. Nilisema si damu yetu. Sikusema tumtupe."

Merle alilia, wala hakujificha. Alipopangusa uso alisema, "Agosti keki naleta mimi."

Verna alifariki alfajiri ya tarehe 17 Januari 2019, Orrin akiwa amemshika mkono. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi, haichimbiki, kwa hiyo amengoja mpaka leo, Mei, ndipo azikwe, kwa subira ambayo akiwa hai hatukuwahi kuiona.

Ameacha mume, Orrin, binti yake, Joyce, wajukuu wawili, Merle, na mimi. Aliniagiza niongeze jina moja, na Merle ameniomba nilisome kwa sauti: Anthony Grindle wa Suffolk, aliyeishi miaka mitatu. Nilimuuliza Verna, sasa huyu niandike ni nani wetu? Akasema, "Andika babu. Cheti hakuna, lakini wewe soma tu."

Nimesoma, dada. Pumzika kwa amani. Na ukimkuta Babu huko, mbebe.