Aliyekimbilia Matetini

Kijiwe cha kahawa pale Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa, chini ya bendera ya Wajerumani, kilikuwa mtumbwi mbovu uliopinduliwa. Walioukalia kila asubuhi ni Sajini, askari mstaafu. Sindano, fundi wa kushona makanzu. Na Mpwani, ambaye jina lake hasa ni Asajile, mzaliwa wa Talatala, kijiji cha Wanyakyusa. Aliwahi kubeba mizigo ya mabwana hadi Kilwa, akarudi na kanzu, na tangu hapo akawaaminisha wenzake kuwa kwao ni huko huko. Watu wa shamba wakichekwa, yeye hucheka kuwashinda wote.

Siku hiyo akatokea mwanamke, mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi kichwani. Alipoinua macho akawaona, akautua mkungu njiani na kujitosa matetini. Mpwani akamtambua mara moja. Alikuwa mke wa mwanawe Andongwisye, na mtoto yule mjukuu ambaye hajamtia machoni bado. Kwa Wanyakyusa, mke wa mwana na baba mkwe hawaonani.

— Washamba hao, akasema Sajini. Kaona kanzu, kadhani mizimu.

— Si kanzu, akasema Sindano. Ni kahawa. Wanaamini tunakunywa lami ya meli.

— Mie nimekaa nao, bwana, akasema Sajini. Wanalala nyumba moja na ng'ombe mpaka wanasahau kusema. Mwite huyo uone, atakujibu kwa mlio wa ndama.

— Kweli, Mpwani? akauliza Sindano.

— Kweli kabisa, akasema Mpwani. Lakini nyumba ya ng'ombe wa baba yake mwenyewe, kule Talatala, ilikuwa ikifagiliwa kuliko chumba cha Sajini.

— Na jua je? akaendelea Sindano. Wanadhani linawashwa bomani.

Jua lenyewe lilikuwa limekaza. Kule matetini mtoto akaanza kulia.

Ndipo akapita Tusekile, mfinyanzi wa kabila la Wakisi, na vyungu vyake. Akautazama mkungu, akawatazama wanaume.

— Mugonile, akawasalimu kwa Kinyakyusa.

— Salama, mama, akasema Sajini. Pita tu, yule hang'ati.

— Baba mkwe wake ni yupi hapa?

Sajini akamtazama Sindano. Sindano akamtazama Sajini, kama mtu anayekumbuka wanawake wa safari zake za zamani.

— Sisi? Sisi watu wa pwani, mama, akajibu Sindano.

— Basi hatoki mpaka huyo baba aondoke. Na mtoto anaungua na jua.

Mpwani aliona haya, haya ya kweli, kwa ile "kweli kabisa" yake. Akaweka kikombe chini, akapandisha kanzu magotini, akageuzia njia mgongo na kuzama katika matete ya upande wa pili.

Mwanamke akatoka, akajitwika mkungu, akapita haraka.

— Tusekile, ikaita sauti matetini, lafudhi ya Talatala tupu. Mtoto wa kiume au wa kike?

— Wa kike. Ana masikio yako, baba.

— Ndaga, akashukuru Mpwani kwa lugha ya kwao.

Hakutoka upesi. Alikuwa analia, na hakutaka watu wa mjini wamwone.