Kwenda Gobi na Wifi

CARLOTA: Haloo? Nani mwenzangu? Kioo kimepasuka, jina silioni.

MWANAISHA: Mimi wifi yako, Mwanaisha wa Magomeni. Kwani una mawifi wangapi?

CARLOTA: Ah, wifi. Za huko mjini?

MWANAISHA: Nzuri. Husna kapiga simu kutoka Mongolia. Gari limepatikana, na dereva. Tunavuka nyika yote, halafu tunaingia jangwa lenyewe, Gobi. Tunalala kwenye mahema ya wafugaji.

CARLOTA: Huyo mwanao si yuko chuoni?

MWANAISHA: Watakuwa likizo. Anasomea mifugo, hao wafugaji wote wanamjua. Sasa sikia, nguo za baridi —

CARLOTA: Baridi, jangwani?

MWANAISHA: Usiku maji yanaganda kwenye ndoo. Nimeshanunua makoti ya mtumba. Lako lina manyoya shingoni, utafanana na beberu.

CARLOTA: [anacheka] Na choo je?

MWANAISHA: Choo ni nyika yenyewe.

CARLOTA: Si ulisema hakuna hata mti?

MWANAISHA: Hakuna. Mmoja anachuchumaa, mwenzie anatanua khanga. Ndiyo maana siwezi kwenda peke yangu.

CARLOTA: Na yale maziwa ya farasi, yaliyochacha —

MWANAISHA: Wewe uliyekunywa uraka, ile pombe ya mabibo, ujana wako wote, leo unaogopa maziwa?

CARLOTA: Wifi, hili goti langu...

MWANAISHA: Goti tena? Mwezi uliopita ulikuwa mgongo. Kabla ya hapo pasipoti ililiwa na panya.

CARLOTA: Panya walikula kweli, wifi, mimi —

[Sauti ya mwanamume kwa mbali: "Carlota, chumvi umeiweka wapi?"]

MWANAISHA: Nani huyo?

CARLOTA: Redio.

MWANAISHA: Redio inakuuliza chumvi.

CARLOTA: [mikwaruzo] Unajua huku kwetu mtoni mtandao —

MWANAISHA: Mtandao mzima kabisa. Nakusikia mpaka unavyomeza mate.

CARLOTA: Ni Gaudensi. Yule anayevusha watu Ruvuma. Kaja kuniezekea jiko.

MWANAISHA: Lile jiko alilojenga kaka yangu?

CARLOTA: Linavuja, wifi. Tangu Rajabu atutoke. Kila masika napika na mwavuli mkononi.

[Mikwaruzo.]

CARLOTA: Haloo? Umekata?

MWANAISHA: Nipo. Hukuniambia kama linavuja.

CARLOTA: Ningekuambiaje wewe.

MWANAISHA: [anakohoa] Na hiyo chumvi ni ya kuezekea?

CARLOTA: Anapika ngisi.

MWANAISHA: Anapika kabisa. Kaka yangu, Mungu amrehemu, alikuwa anaunguza hata chai.

CARLOTA: [anacheka, kisha anapenga kamasi] Alikuwa anaiunguza, halafu anasema ndivyo inavyotakiwa.

MWANAISHA: Ndiyo yeye huyo. Sasa huyu Gaudensi, anataka kuoa au anataka kuezeka tu?

CARLOTA: Anataka nimpeleke kwa wakubwa. Nimpeleke wapi? Wazazi wangu wamelala Msumbiji. Mkubwa wangu niliyebaki naye ni wewe.

MWANAISHA: Ndiyo ukaona bora uniletee magoti.

CARLOTA: Niliogopa, wifi.

MWANAISHA: Basi mlete. Na mahari nakutajia sasa hivi, umwambie ajiandae.

CARLOTA: Wifi, mtu mwenyewe ana mtumbwi tu —

MWANAISHA: Mtumbwi abaki nao. Akuachie twende Gobi. Yeye alinde jiko na mihogo mpaka turudi. Hiyo ndiyo mahari yangu, sipunguzi.

CARLOTA: Atakubali.

MWANAISHA: Hujamuuliza.

CARLOTA: Kaja kusimama hapa mlangoni na mwiko wake. Kakusikia yote, anaitikia kwa kichwa.

MWANAISHA: Jumapili basi, mje wote wawili. Salio linaisha hili, msalimie shemeji —

CARLOTA: Nani? Wifi, umesema nimsalimie nani? Haloo?

[Simu imekatika.]