Sikio la Sofronie Buzatu

Ndugu waombolezaji, majirani na wafanyakazi wa reli, marehemu Sofronie Buzatu alizaliwa tarehe 14 Machi 1938 hapa hapa Podu Frasinului, katika nyumba ya reli iliyo hatua arobaini kutoka njia kuu, ambayo babu yake alikuwa miongoni mwa walioitandikia mataruma, yale magogo ya mwaloni ya kulazia reli, enzi hizo yadi ikiwa na njia mbili tu na mbuzi wakilisha katikati.

Alisoma shule ya hapa hadi 1952, kisha shule ya ufundi wa reli, na tarehe 1 Septemba 1956, yadi ikiwa imefikia njia kumi na tisa, akaajiriwa kupita kando ya treni zilizosimama, akigonga gurudumu moja moja kwa nyundo na kusikiliza, kwani gurudumu zima hulia kama kengele na lenye ufa hutoa sauti butu.

Tarehe 5 Juni 1966 alifunga ndoa na Aglaia, aliyetutangulia mwaka 2009, wakajaliwa mtoto mmoja, na hapo inatubidi tusimame kidogo. Asubuhi ya tarehe 9 Februari 1971, theluji ikiwa imefunga barabara, Aglaia alipandishwa treni ya kwenda hospitali ya mjini akiwa na uchungu, naye mumewe akagonga gurudumu la behewa lile lile alilopanda mkewe, hakuipenda sauti yake, akainua bendera nyekundu.

Mkuu wa stesheni alimfokea, "Wee Sofronie, una wazimu? Mkeo yumo humo!" naye akajibu, "Ndiyo maana haliondoki."

Kwa macho hakuna aliyeona kitu, abiria wakamtukana mpaka na marehemu mama yake, lakini alilipaka gurudumu mafuta ya taa, akalifuta, akalipaka chaki, wakangoja, na mtoto akazaliwa kwenye benchi la stesheni, mikononi mwa mkata tiketi. Ndipo mafuta yalipojitokeza kwenye chaki, yakachora ufa mrefu kama kiganja, na watu mia mbili wakapita kuutazama, wamevua kofia. Aglaia alimnunia siku tatu, kisha akaenda mwenyewe na kichanga, akapitisha kidole juu ya ule mstari, na hakunawa ile chaki mpaka jioni.

Marehemu alistaafu mwaka 1998, yadi ikapungua hadi njia nne na majani. Tarehe 3 Novemba 2021 alilazwa kwa maradhi ya moyo, akawa anagonga chuma cha kitanda kwa kijiko na kuwaambia wauguzi, "Hiki kizima," hadi siku moja alipogonga kifua chake kwa vidole, akasikiliza, akatikisa kichwa, akaomba aitiwe binti yake. Alifariki tarehe 11 Novemba.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotupikia, na madereva watakaopiga honi jeneza likivuka reli. Mtoto wa benchi la stesheni ni mimi ninayewasomea, nina miaka hamsini, na yeye peke yake sikuwahi kumshukuru, nilidhani anajua.

Asante, baba. Pumzika kwa amani.